Juu ya TV ni pa Mama

Nyumbani kwetu Magomeni TV ilikuwa ya Baba, lakini juu ya TV palikuwa pa Mama. Mpaka huo haukuandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuuvuka bila kusikia neno. Baba alimiliki kioo, vitufe na rimoti iliyovikwa nailoni tangu siku ilipotoka kwenye boksi. Mama alimiliki kibaraza cha juu. Hapo palikaa kitambaa cha kroshia alichokifuma mwenyewe, chombo cha maua ya plastiki, picha ya harusi ya dada, na kibakuli cha funguo ambazo hakuna aliyejua zinafungua nini. Ncha moja ya kitambaa ilining'inia mbele ya kioo. Baba akipita anaisukuma nyuma, Mama akipita anaivuta mbele, na ndoa yao imedumu hivyo hivyo.

Ilikuwa chogo, TV ya zamani yenye mgongo mrefu, la inchi 21, la Kijapani. Baba alilinunua Darajani, Unguja, mwaka 1998, muda mfupi kabla ya Kombe la Dunia la Ufaransa. Dar es Salaam TV zilikuwapo, ila Baba ana hoja yake, na ukimkuta barazani atakupa bila kuombwa: Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini, sisi Bara tukangoja hadi 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza. Kwa hiyo mtu anayetaka TV anunue kwa watu wanaoijua. Likavuka bahari kwa boti, limeviringishwa blanketi, likalipiwa ushuru bandarini. Stakabadhi ya ushuru huo ipo mpaka leo kwenye bahasha ya kaki, pamoja na cheti cha ndoa. Lilipofika, ikabidi kabati lisogezwe mbele ili chogo lipate pa kukaa, na tangu hapo mtu mnene hapiti kati ya kabati na kochi bila kujikunja.

Fainali ya Julai 12 watu walijaa hadi dirishani. Zidane anafunga kwa kichwa, anafunga tena kwa kichwa, sebule inaruka, na Mama amesimama pembeni ya TV ameshika chombo cha maua kwa mikono miwili. Mwaka uliofuata, Oktoba, Mwalimu Nyerere alipofariki, watu walijaa vilevile ila bila kelele. Wazee ambao hawajawahi kuingia ndani kwetu walikaa kwenye mkeka wakitazama jeneza likishushwa kwenye ndege. Halafu zikaja zama za michezo ya kuigiza ya Kaole pale ITV, na zama za kumtuma mtoto nje akazungushe bomba la antena huku ndani wakimpigia kelele, "Rudisha kidogo! Umepitiliza!"

Zama hizo zilikwisha usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam na wenye TV za zamani tukalazimika kutafuta king'amuzi. King'amuzi kinahitaji pa kukaa, na mahali palikuwa pamoja tu: juu ya TV. Mama alikubali kwa masharti: maua yasogee kulia, picha ya harusi isiguswe, na hicho kidude nacho kifunikwe kitambaa kisikae uchi sebuleni. Kikafunikwa. Kikawa kinapata joto na kujizima katikati ya tamthilia, na ilipita miezi kabla ya mtu yeyote kuthubutu kutamka kwamba tatizo ni kitambaa.

Basi, ikafika Jumapili moja, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ndiyo kwanza imeanza. Msomaji wa habari akaanza kubanwa. Juu pakashuka, chini pakapanda, paji la uso likakutana na kidevu, tai ikaingia mdomoni. Mwishowe ukabaki mstari mmoja mweupe, mkali, umekata kioo katikati toka kushoto hadi kulia. Sauti haikutetereka hata kidogo. Mstari ukaendelea kutusomea bei ya korosho.

"Habari ni za kusikiliza," alisema Baba, akakaa vizuri.

Tukawa na redio ya inchi 21. Baba aliizoea kwa kasi iliyotutia shaka. Mjukuu ndiye aliyegundua kofi: ukipiga ubavu wa kushoto, chini kidogo ya matundu ya spika, picha inafunguka. Lakini si kofi la kila mtu. La Baba lilikuwa na hasira mno, likatikisa kabati na mstari ukabaki palepale. La mjukuu lilizima king'amuzi. La Mama, la ubapa wa mkono, lisilo na chuki wala mapenzi, ndilo lililofungua picha yote. Ikawa Mama anaitwa kutoka jikoni mikono ina unga wa chapati, anapiga, anarudi kwenye kikaango, na kabla hajageuza chapati anaitwa tena.

Kaka mkubwa, anayekaa Mbezi, aliposikia akaanza kutuma picha kwenye kundi la WhatsApp la familia. TV bapa za kila inchi, bei zimezungushiwa wino mwekundu. Baba hayumo kwenye kundi hilo, simu yake ni ya vitufe, kwa hiyo mjadala wa TV yake uliendeshwa kwa ukali mkubwa bila mwenyewe kujua. Dada aliyeko Mwanza alituma ujumbe wa sauti mrefu: chogo lisiguswe, lina historia ya familia. Kila mtu alikumbuka ni picha ya nani iliyo juu yake. Mjukuu hakuandika maneno, alituma tu nembo ya YouTube. Mimi niliandika kwamba tuite fundi kwanza, nikajibiwa na vidole gumba vinne, ambavyo katika familia yetu maana yake ni kwamba basi mlete wewe.

Kabla ya fundi kulikuwa na kikao, kwa kuwa kaka hakosi kuitisha kikao. Alieleza faida za TV mpya vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyekunywa chai ya wauzaji. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Hiyo mpya, juu yake pana nini?"

"Juu hapana kitu, Mama. Ni nyembamba."

"Nyembamba kiasi gani?"

Kaka akaonyesha kwa vidole viwili.

"Haya. Vitu vyangu vitakaa wapi?"

"Tutavitafutia mahali."

"Nani atatafuta?"

Kikao kikaishia hapo, tukala.

Fundi tuliyemwita ana fremu yake Mapipa, moja ya zile fremu ambazo TV zilizokufa zimepangwa hadi darini, na ukutani pameandikwa kwa mkono kwamba kifaa kisichochukuliwa ndani ya miezi mitatu kitauzwa. Alitukataza kulibeba chogo. Alikuja mwenyewe kwa bodaboda, mkoba begani, akamwamkia Baba, akaomba kitu kimoja tu: juu ya TV paondolewe vitu. Sote tukamtazama Mama. Aliviondoa kimoja kimoja, akavipanga kitandani kwake, akarudi na kusimama mlangoni mikono kiunoni kama mtu anayesimamia kuhamishwa kwa kaburi.

Mfuniko wa nyuma ulipotoka, vumbi lilikuwa nene kiasi cha kuandikika jina. Ndani mlikuwa na mjusi aliyekaukia, sarafu ya shilingi hamsini, kipande cha penseli ya rangi, na sindano ya kroshia. Mama aliitambua akiwa kulekule mlangoni. Ndiyo sindano ambayo Mama Mdogo alishukiwa kuondoka nayo, maneno yakapita, na Idi mbili zikaenda bila yeye kutukanyagia mlango. Ilikuwa imepenya kwenye matundu ya mfuniko, ikalala juu ya plastiki, sentimita chache kutoka kwenye waya mnene mwekundu.

"Mama," fundi alisema, ameishika kwa ncha za vidole, "hii ingegusa pale, msingeniita mimi."

Kisha akafanya jambo lililomfanya mjukuu asahau YouTube. Alichukua bisibisi, akaifunga waya ulioshikwa kwenye chuma cha TV, akaipenyeza taratibu chini ya ule mfuniko wa mpira uliong'ang'ania mgongo wa kioo. Tap! Cheche moja, ya buluu. TV ilikuwa imechomolewa ukutani tangu asubuhi. Akatueleza kwamba humo mnakaa zaidi ya volti 20,000, na kioo kinaweza kuzitunza hata umeme umekatwa, ndiyo maana chogo si la kufunguliwa na kila mwenye bisibisi. Kaka, aliyekuwa ameinama achungulie, akakumbuka kwamba ana simu ya kupiga nje.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo hadi ukachekesha. Kuna ai-si moja, imegandamizwa kwenye bati la kupozea joto, ambayo kazi yake ni kuitanua picha juu na chini. Inapata joto, inapoa, inapata joto, miaka yote hiyo, mpaka risasi iliyoshika miguu yake inachanika. Fundi alitumulikia kwa tochi ya simu: kuzunguka kila mguu palikuwa na mduara mwembamba mweusi, ufa usiozidi unywele. Mguu ukiachia, picha inaanguka na kuwa mstari. Mtu akipiga kofi kwa kipimo, mguu unagusa. Mama alisikiliza maelezo hayo kwa utulivu wa mtu anayesomewa cheti chake.

Fundi alifyonza risasi ya zamani, akachoma mpya, akabadilisha na ai-si yenyewe kwa tahadhari. Hakuitoa dukani, aliitoa kwenye chogo jingine lililokufa kwa ugonjwa tofauti. Alisema mpya zinazouzwa nyingi ni feki, hii ya maiti anajua ilikotoka. Akang'oa na kapasita moja iliyovimba kichwa. Alitaka 35,000, Baba akampa 30,000 na vitumbua, wakaelewana.

Picha ikarudi, imejaa kioo chote. Baba akamtazama kaka kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Lakini fundi hakufunga mkoba. Alikaa akitazama uso wa mtangazaji, ambaye alikuwa mwekundu, mwekundu wa mtu aliyeshinda Coco Beach bila kofia. "Mzee wangu, nisikudanganye," alisema. "Niliyoyatengeneza yamepona. Kioo ndicho kimechoka." Ndani ya shingo ya kioo kuna mizinga mitatu, wa nyekundu, wa kijani na wa buluu, na haizeeki pamoja. Wa buluu na wa kijani ilikuwa imeanza kulegea, ndiyo maana picha inachukua muda kuamka na ikiamka inaona haya. Kioo kipya hakuna, viwanda vilishaacha. Anaweza kututafutia kilichotoka kwenye TV nyingine, nacho kitakuwa kimechoka vivyo hivyo.

Kaka akaona mlango umefunguka. "Kwa hiyo fundi, unashauri tununue mpya?"

"Mimi sijasema hivyo. Hizo bapa ndizo zinazonilisha." Akatuambia kwamba siku hizi kazi yake kubwa ni taa. TV bapa ina mistari ya taa ndogo nyuma ya kioo, watu wanaiwasha mwanga mpaka mwisho kwa sababu dukani ilikuwa hivyo, taa zinaungua, sauti inabaki, picha giza. Hilo linatibika. Mtoto akirusha mpira ukagonga kioo, halitibiki, maana bei ya kioo inakaribia bei ya TV. "Mkinunua, mwanga shusheni nusu." Akaaga, akaondoka, na kila upande ukawa unamnukuu.

Kaka alijaribu mara ya mwisho kupitia umeme. TV mpya inakula kidogo, alisema, LUKU itapumua. Hapo alikosea mlango, maana Baba alikuwa karani wa mizigo bandarini maisha yake yote. Alichukua kalenda ya mwaka uliopita akaandika mgongoni mwake. Chogo, tuseme wati 80. Bapa ya inchi 32, wati 45. Tofauti 35, mara saa sita kwa siku, ni wati-saa 210, yaani moja ya tano ya uniti na chembe. Kwa bei ya uniti tunayonunua, ni kama shilingi 75 kwa siku. TV ya 350,000 itajirudishia fedha yake kwa kubana umeme baada ya miaka karibu kumi na mitatu.

"Mimi sasa nina sabini na nane," alisema, akakunja kalenda.

Ningedhani mambo yameishia hapo. Bei haikumtoa Baba kwenye chogo lake, wala wekundu wa nyuso, wala wajukuu. Kilichomtoa ni mechi ya watani wa jadi, Yanga na Simba.

Lazima nieleze kasoro moja tuliyoishi nayo tangu king'amuzi kilipoingia. Matangazo ya siku hizi yanatengenezwa kwa kioo kipana, na chogo ni karibu mraba. Ama uache mistari mipana myeusi juu na chini, wachezaji wawe siafu, ama uikuze picha ijaze kioo, na pembeni zikatwe. Baba alichagua kukuza. Pembeni ndiko kunakokaa matokeo. Kilichobaki kikionekana cha ubao wa matokeo kilifunikwa na ile ncha ya kitambaa. Kwa hiyo kwetu mabao yalihifadhiwa kichwani.

Siku ya mechi Baba, ambaye ni Yanga wa damu, alikuwa msikitini kipindi cha pili kinaanza. Anarudi, anaingia tu, anakuta jezi za njano na kijani zimekumbatiana kwenye kibendera, uwanja unarindima. Hakukaa. Alitoka na kanzu yake hadi barazani, akamwita jirani yetu, Simba asiyetubu, akamweleza mengi kuhusu timu yake, uongozi wake na ukoo wake. Jirani alimsikiliza akitabasamu, simu yenye matangazo ya mpira sikioni. Bao lilikuwa limekataliwa, kuotea. Tena Yanga walikuwa nyuma moja bila. Ubao wa matokeo ulikuwa unalisema hilo muda wote, nje kidogo ya kioo chetu.

Jirani hakujibu neno. Asubuhi alituma mtoto wake na sahani ya maandazi, juu yake kipande cha karatasi kimeandikwa 1–0, "endapo TV yenu haionyeshi."

Baba alikunywa chai, akavaa viatu. "Mpigie kaka yako," akaniambia. "Mwambie si kwa sababu ya umeme."

Kariakoo tulipoteza muda mwingi kwa jambo ambalo muuza TV hakuweza kulielewa. Duka lenye bei nzuri lilikuwa Mtaa wa Msimbazi, na Baba hawezi kununua TV kwenye mtaa yalipo makao makuu ya Simba. Tukazunguka. Kaka alitaka inchi 43. Baba alitoa mfukoni kamba aliyopimia nafasi ya kabati, akainyoosha mbele ya kila TV bila kusema kitu, tukaishia kwenye 32. Akaomba ageuziwe mgongo wake, akaugonga kwa kidole.

"Hii ikianguka?"

"Mzee," alisema kijana wa duka, "isianguke."

Akaijaribisha, tukaona haina doa, risiti ya mashine ikatolewa. Kabla ya kufungwa boksi, Baba akaamuru mwanga ushushwe nusu. Tukarudi kwa bajaji, boksi limesimamishwa wima kati yetu, maana kuilaza ni hatari.

Hofu yetu yote ilikuwa kwa Mama. Kaka alitoboa ukuta, akafunga vyuma, akaitundika. Chogo lilibebwa na watu watatu hadi ukumbini. Ndipo tukageuka na kuona kabati. Mahali lilipokaa chogo kwa zaidi ya miaka ishirini pameachwa wazi, pana, eneo mara tatu ya kile kibaraza cha juu. Mama alilitazama kwa muda, akaenda chumbani. Alirudi na vitu vyake vyote, pamoja na vingine ambavyo hatukujua anavyo: birika la shaba, seti ya vikombe vya kahawa, kitambaa kikubwa cha kroshia kilichokuwa kikingoja siku yake sandukuni. King'amuzi kikapewa kona, bila kitambaa. Maua yakakaa katikati. Yana urefu wa kutosha. TV mpya haikati tena maandishi yanayopita chini ya kioo, maua ndiyo yanayoyakata, na Baba akitaka kuyasoma anasimama.

Chogo likabaki ukumbini. Mnunuzi wa vyuma chakavu alilizungukia na mkokoteni wake, akasema analitaka kwa ajili ya shaba ya ile koili shingoni, kioo hakihesabu. Fundi alikuwa ameshatuonya kwamba kioo hicho kimechanganywa risasi, tena kwa kilo, na si cha kuvunjwavunjwa watoto wakichezea vipande. Mama akamfukuza mtu wa mkokoteni, akampigia fundi mwenyewe.

Makubaliano waliyoyafikia hayapo kwenye bahasha ya kaki, lakini nilikuwepo. Fundi alichukue chogo zima bila kulipa, ai-si zake, koili yake na kila kilicho hai ndani yake, ila kioo asikivunje. Naye kwa upande wake atatengeneza chochote kitakachoharibika ndani ya nyumba hii bila ujira, vipuri tutanunua wenyewe. Wakapeana mkono. Akaondoka nalo kwa bajaji, Baba akiwaelekeza namna ya kulishika.

Wiki iliyofuata alirudi kutengeneza pasi. Alipomaliza, akakuta mezani feni moja, blenda mbili na redio ya kaseti.

"Mama, hizi zote ni za humu?"

"Za humu," alisema Mama. "Hiyo blenda nyeupe ni ya jirani, lakini iko humu."